Bibi Harusi Mwenye Injini Mbili

Ruangwa,
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Mtumwa wangu Agatha Komba,

Sikuamkii, maana mtumwa ndiye anayeamkia. Natumai nyumba yako ya wageni bado imesimama, na kunguni wa chumba cha nyuma hawajambo. Mimi ni mzima wa kupindukia. Ufuta wa mwaka huu umenitendea haki, na nina habari ambayo hutaisikia kwa mtu mwingine yeyote kuanzia Narung'ombe mpaka Ruponda: nanunua ndege.

Usicheke bado. Ndege, Agatha! Siyo ya kuchorwa kwenye fulana. Ina injini mbili, moja kila bawa. Wenyewe wanaiita taboprop, yaani tumboni ni jeti lakini mbele inazungusha pangaboi, kwa hiyo inatua kwenye changarawe bila kudeka. Leo mnada wa korosho uko huku, kesho Mtwara, keshokutwa wakubwa wananiita Dodoma. Kiuno changu kimeishia barabarani. Mtu aliyekula tambi kwa vijiti Guangzhou, aliyekataa chai Dubai kwa sababu haikuwa na tangawizi, afie kwenye foleni ya malori Mingoyo? Haiwezekani.

Dalali wa Dar, Bwana Geofrey, kaniletea mbili nichague. Ya kwanza nimeiita Bibi Harusi. Nyeupe pe, viti vya ngozi, zulia, kijifriji cha soda, na meza ya kukunjua ambayo mtu anaweza kusainia mkataba huku chini yake ni Mto Rufiji. Ya pili nimeiita Mjane. Rangi imefifia, viti vichache, ilikuwa inabeba wagonjwa na ndani bado inanuka spiriti. Injini, mbili mbili zote.

Sasa sikia maajabu. Bibi Harusi ni rahisi kuliko Mjane! Niambie wewe uliyezeeka bila akili, ni mwanamume gani ataoa mjane kwa mahari kubwa, akamwacha bibi harusi wa mahari ndogo?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu hili bado siri, na simu yangu unaijua. Kwa simu mimi ni mtu wa spika, ofisi nzima inasikia. Majibu mpe dereva wa Noah aniletee.

Bwana wako,
Harithi Nangomwa


Nachingwea,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mtumwa wangu Harithi, mla panya,

Barua yako nimeisoma nje ya kanisa, nikacheka mpaka sista akadhani nimepata ujumbe wa mchumba. Nimemwambia ni Mmwera mmoja wa Nandagala, babu zake walijificha mapangoni babu zangu Wangoni walipopita, sasa anataka kujificha mawinguni.

Kuhusu mahari, bibi harusi anayetolewa bei ya kutupa ana ugonjwa ambao shangazi zake hawajausema. Umeandika juu ya friji, zulia na meza, karibu nione kijasho cha soda. Juu ya injini umeandika "mbili mbili zote", basi. Zimetembea saa ngapi? Zimebakiza saa ngapi kabla ya kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa? Wageni wangu wa migodini waliowahi kuwa na ndege wanasema ndege yenyewe hainunuliwi, zinanunuliwa injini, na bati unapewa kama nyongeza. Mimi nina mashine ya kusaga yenye injini moja na inanikondesha. Wewe unataka kulisha mbili, na rubani juu, na bima, na mapipa ya mafuta kutoka Mtwara.

Kama kuna ulazima, oa mjane. Mjane keshajulikana anachoumwa.

Nisalimie wale panya kabla hujawala.

Mmiliki wako,
Agatha Komba


Ruangwa,
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Mtumwa wangu mwenye wivu,

Umechelewa. Nimemchagua Bibi Harusi! Bado sijalipa, lakini moyoni nimeshavaa kilemba. Geofrey anasema injini "zina maisha". Nikamwuliza maisha mengi? Akasema, "Mzee, hata wewe una maisha, nani anajua mengi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu mwenye majibu kama hayo hawezi kuwa mwongo.

Halafu wewe babu yako alikuja kwa miguu toka kwa Wazulu, ndiyo maana ukoo wenu mzima mnaogopa kitu kisicho na miguu. Injini mbili faida yake ni moja tu: hii ikifa, ile inakurudisha nyumbani. Hilo hata mtoto wa chekechea analielewa.

Sikia ratiba. Alhamisi wiki ijayo Geofrey na rubani wake, Nicholaus, wanatua hapo Nachingwea. Waandalie vyumba, na kunguni wapewe likizo. Jumamosi tarehe 19 ndiyo siku yenyewe. Nimealika wafanyabiashara wa wilaya zote mbili, akina Ismaily na wenzake, wale waliosema Harithi ni bingwa wa maneno. Turubai hapo kiwanjani kwenu, pilau, hotuba yangu. Saa sita juu ya alama tunapanda, viti vyote vimejaa, matangi yamejaa, tunakwenda Mtwara kunywa madafu na kurudi. Tukishuka nasaini mbele ya watu.

Nimewatangazia mpaka msikitini. Nikirudi nyuma sasa, Agatha, nihame Ruangwa. Watanicheka mpaka wajukuu.

Bwana wako wa angani,
Harithi


Nachingwea,
Ijumaa, 18 Oktoba 2024, asubuhi

Mtumwa wangu Harithi, kichwa kama kibuyu,

Wageni wako wamefika jana. Geofrey kala kuku mzima, kasifu pilipili. Rubani hakula. Leo asubuhi nimempelekea chai na chapati, akaisukuma. Ameniuliza padri anaanza kuungamisha saa ngapi. Nikamtania, "Umeua?" Akasema, "Bado."

Nikavuta kiti nikakaa. Kibuyu wewe, sikiliza. Injini ya kulia ina homa. Anasema wakati wa kupaa, joto lake linafika mwisho kabla nguvu haijafika, kwa hiyo anairudisha nyuma kidogo ili isiungue. Walipokuja wawili tu, asubuhi ya baridi, kiwanja kirefu cha Dar, ilivumilia. Kesho unataka kupakia watu tisa, matangi yamejaa, saa sita ya Oktoba, kwenye kiwanja chetu cha changarawe chenye mikorosho mwishoni. Hiyo injini ya pili unayoisifu inakurudisha nyumbani ukiwa mwepesi. Ukiwa mzito inakupeleka kwenye mikorosho.

Amemwambia Geofrey. Geofrey kamjibu kwamba marubani wako wengi wanatafuta kazi. Ana watoto watatu Tabata, na wewe hakujui. Nikamwambia aje kwako mwenyewe, akasema bosi wake yuko chumba cha pili, atamsikia.

Usipande, mla panya. Nitakosa mtu wa kumtukana.

Nimejaribu kupiga simu. Umepokea kwa spika, nikasikia Ismaily anacheka nyuma yako, nikakata.

Agatha


Ruangwa,
Ijumaa, 18 Oktoba 2024, adhuhuri

Mtumwa wangu Agatha, bingwa wa uongo kusini yote,

Haa! Safari hii umejitahidi! Rubani anatafuta padri! Nimemsomea dereva wa Noah akaegemea mlango kwa kicheko.

Umesahau siku ya Iddi? Ulinipigia unalia, machozi kabisa, eti lori langu la ufuta limetumbukia Mto Mbwemkuru na dereva haonekani. Nikatoka mbio na kanzu nyeupe, kiatu kimoja, nikafika naona lori limeegeshwa na wewe umekaa juu ya magunia unakula embe. Na ule mwaka uliowaambia watu wa benki kuwa nimefariki, wakaja na rambirambi? Nikalipa jogoo wawili kukunyamazisha, maana utani ni utani, wa babu zetu, na hakuna kununa.

Leo umeniletea wa ndege. Mzuri. Nimekupa alama mia. Lakini nimeshapaka kiatu rangi, mtani. Kesho njoo na kanga mpya, ukae mbele, upige vigelegele bwana wako anapopaa.

Harithi


Nachingwea,
Ijumaa, 18 Oktoba 2024, alasiri

Ndugu Harithi Nangomwa,

Salaam.

Nilichokuandikia asubuhi ni kweli. Nimekisikia kwa masikio yangu kutoka kwa rubani Nicholaus, nikiwa nimekaa naye meza moja. Injini ya kulia ni mbovu. Nakuomba usipande ndege hiyo kesho, wala usipandishe mtu.

Sina la kuongeza.

Wako,
Agatha Komba


Ruangwa,
Jumamosi, 19 Oktoba 2024, asubuhi

Agatha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Tangu tuzaliwe hujawahi kuniita Ndugu. Siku tulipomzika mke wangu Yasmini, wanaume wazima wanashindwa kumeza mate, wewe uliingia kaburini ukalala chali, ukasema hazikwi mpaka Mmwera alipe. Ukaniita bahili mbele ya shehe. Nikacheka, na machozi yanatoka, na ndiyo siku niliyojua nitaishi. Hata siku ile hukuniita Ndugu.

Kwa hiyo nimeamini.

Lakini nifanyeje? Turubai zimefungwa. Ismaily amekuja na kamera. Nikisema "injini ina homa", Geofrey atasema mteja kaogopa, na rubani ataapa mbele ya bosi wake kwamba hajasema neno, naye atakuwa amepoteza kazi bure. Nitabaki mimi, bingwa wa maneno, nimekojoa kwenye suruali mbele ya wilaya mbili. Unanijua. Nitapanda kwa aibu, Agatha. Najijua mimi, nitapanda.

Nitolee njia. Wewe ni mtani. Mtani akikamata kitu cha mtani wake hakuna wa kuuliza, hata mkuu wa wilaya. Njoo unikamate. Saa nne nitakuwa nashuka kwenye gari pale kiwanjani. Nikamate kabla sijakanyaga ngazi, unipige mweleka, uniibie viatu, ufanye lolote. Nitapiga kelele kama nimekasirika. Usiniamini, endelea tu.

Barua hii nimempa bodaboda. Nimemwambia asisimame popote.

H.


Ruangwa,
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Agatha Komba, mtumwa mchelewaji kuliko wote walioumbwa,

Saa nne! Niliandika saa nne! Nimeteremka garini, sikukuona. Nimejifanya natafuta miwani, sikukuona. Nimetoa hotuba, na unajua hotuba zangu, hii niliivuta kama mpira, nimewataja mpaka marehemu wa ukoo wa Ismaily. Nimeongeza dua. Nimesema pilau liliwe kwanza. Geofrey kila saa anaangalia saa yake na kutabasamu. Sita ikafika. Akanishika mkono mbele ya watu wote, "Mheshimiwa, karibu kwenye ndege yako." Makofi. Nikakanyaga ngazi.

Nikafunga mkanda. Ngozi ya kiti ilikuwa ya moto kama kikaango. Friji hata haikuwa imewashwa. Nicholaus aligeuka akanitazama, mara moja tu, jicho la mtu anayeomba umtukane. Nikatazama pembeni. Nisamehe kwa hilo, na anisamehe yeye aliyekuulizia padri. Injini ya kushoto ikawaka. Ya kulia ikawaka. Ismaily, kiti cha dirishani, anapiga picha za nje. Tukaanza kutambaa, changarawe zinagonga chini, mimi nasoma Ayatul Kursi nimechanganya mistari, kwanza nimesahau inaanzaje. Nilikuwa nimeshakata tamaa na wewe. Nikasema moyoni, basi, Mngoni kaniacha.

Ndege ikasimama ghafla. Nikachungulia mbele.

Mko katikati ya njia, wewe na wanawake wenzako wa jumuiya, mmejifunga kaniki, mmekaa chini mmenyoosha miguu, mnaimba nyimbo za msiba! Wewe umelala chali kabisa kama kwenye kaburi la Yasmini. Pangaboi zinazunguka, vumbi linawafunika, na husogei. Geofrey akapiga kelele, "Endelea, watakimbia!" Nicholaus akazima injini zote mbili. Kimya kile, Agatha, sijawahi kusikia kitu kitamu kama kimya kile.

Halafu sauti yako: "Mtumwa wetu yumo humo! Haendi popote mpaka tumzike kwanza!"

Ismaily ndiye aliyecheka wa kwanza. Akasema, "Watani wameshafika, hakuna safari hapo," akafungua mkanda, na wote wakamfuata kwa vicheko. Mmenitoa mkanibeba juu juu, mmenivua viatu, mmenipaka majivu, mmenizungusha kiwanja kizima. Nilikutukana matusi yote niliyonayo. Geofrey alikuwa anasema mambo ya mkataba, hakuna aliyemsikia.

Sasa habari mbaya. Bibi Harusi amefika Dar salama. Geofrey na Nicholaus, wawili tu, jioni ya baridi. Geofrey amenitumia picha yake amesimama kwenye bawa amenyoosha kidole gumba. Kaandika, "Mzee, umekosa." Tangu nimeiona nakaa naitazama. Je, kama ilikuwa nzima? Je, kama nimejipakaza majivu kwa chai ya rubani mwoga?

Niambie mtani. Na bodaboda yule alikuwa wapi?

Harithi


Nachingwea,
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Mtumwa wangu mwenye majivu,

Bodaboda alipata pancha Ruponda, akaziba, akapata nyingine. Barua imenifikia saa tano na nusu, nimevaa nguo za kupikia. Nikapita nyumba kwa nyumba nikipiga sufuria. Wanawake hawakuniuliza kitu, waliona uso wangu. Mtu mmoja tu aliuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia, "Harithi, tukichelewa."

Usinidanganye kwamba uliogopa peke yako. Nilipolala pale chini, zile pangaboi nilikuwa naziona zinakata jua vipande vipande, na changarawe zilikuwa zinatetemeka mgongoni. Nilimwamini Nicholaus, lakini kwa mkono wa Geofrey ulio karibu na usukani sikuwa na hakika.

Kuhusu picha, sijui. Ilibeba wawili na baridi, wewe ulitaka tisa na jua. Siwezi kukuonyesha ajali ambayo haikutokea. Ukitaka kujua, mwombe Geofrey aruhusu fundi wako aingize kamera kwenye hiyo injini, ile nyembamba kama utumbo wa kuku, kwa gharama yako. Mwenye kitu kizima hakatai kuchunguliwa.

Nicholaus ameacha kazi. Amenipigia. Hakusema sababu, aliniuliza tu kama uko hai, nikasema yuko, anajisifu.

Sasa tufike kwenye fidia. Nimekukamata mbele ya watu, wewe ni mali yangu mpaka ugombolewe. Sitaki jogoo. Sitaki mbuzi. Najua hutaacha wazo la ndege, hata nikikuzika kweli. Basi fidia yangu ni hii: ndege yoyote utakayonunua, siku ya kwanza itakapopaa na wewe, mimi nakaa humo, kiti cha mbele, karibu na rubani. Ukinunua mbovu unaniua na mimi, na Wangoni watakuja kukudai mpaka kuzimu.

Mmiliki wako halali,
Agatha Komba


Ruangwa,
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mtumwa wangu, na bwana wangu kwa muda,

Nilimwandikia Geofrey habari ya kamera. Akajibu Bibi Harusi ameshauzwa. Nikamwambia Ismaily apige simu ajifanye mteja mpya wa Songea. Akaambiwa ipo, nyeupe pe, viti vya ngozi, njoo na pesa. Ismaily akaomba kamera. Simu ikakatika, na mpaka leo haipokelewi. Ismaily akaiweka simu mezani, akasema, "Na mimi nilikuwa nimeshakaa dirishani." Tangu hapo haniiti bingwa wa maneno. Ameniletea gunia la mbaazi, nimekupelekea nusu.

Mjane bado yupo. Nimempata mimi mwenyewe, bila dalali. Nimekwenda Dar kumwona, na hapo nimefanya jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nitoke darasa la saba. Nimekaa kwenye karakana nikauliza maswali ya mjinga. Zimetembea saa ngapi? Zimebakiza ngapi? Ikifa moja tumejaa, saa sita mchana, Nachingwea, nini kinatokea? Fundi akanijibu, "Mkijaa saa sita, hamuondoki. Mnaondoka asubuhi, na watu wanne." Zamani ningemwambia simjui mtu anayeitwa Hamuondoki. Nimeandika kwenye kiganja.

Wamefungua zote mbili. Ya kushoto safi. Ya kulia wamekuta vipande viwili vimeanza kuliwa pembeni, wakanionyesha kwenye kioo cha kamera. Vinabadilishwa, nimekubali, na bei ya Mjane bado iko juu, na sijalia. Fundi kaniuliza kwa nini namsumbua kuliko mashirika. Nikamwambia nina abiria mmoja, mbishi, ndiye mwenye mali. Nimemchukua Nicholaus awe rubani. Sharti nimempa moja: siku akikosa hamu ya chapati aje kwangu kwanza, padri baadaye.

Safari hii hakuna turubai wala kamera. Sijamtangazia mtu. Jumamosi tarehe 30, saa moja asubuhi, kwenye kiwanja chenu, tutakuwa wanne tu: wewe, mimi, Nicholaus na fundi. Naogopa, Agatha, na sitaki uniambie usiogope. Njoo uzunguke ndege mara nyingi kadiri utakavyo. Kaa naye Nicholaus, mtazame anavyokula. Halafu kaa kiti chako cha mbele, ufunge mkanda, usikilize injini zikiwaka.

Ukibaki, nabaki. Ukishuka, nashuka nyuma yako, na atakayetucheka na acheke.

Harithi Nangomwa